Geti Lenye Injini

Ukipita mtaa ule, kuanzia kwa muuza mkaa mpaka kwa kinyozi, mageti yote utakayoyaona yametoka mkono mmoja. Lile la bluu lenye maua ya chuma, lile jeusi lenye mikuki juu, lile la mwenye maduka ambalo likishafungwa hata paka analala nje, yote aliyachomelea yeye. Watu walimwita Fundi Geti, na jina likamganda hata mkewe akawa analitumia siku akikasirika. Nyumba pekee isiyokuwa na geti ilikuwa yake. Pale pa kuingilia uani aliegemeza kipande cha bati kwenye nguzo mbili, akakizuia kwa jiwe. Kuingia unakisukuma kwa goti, kutoka unakivuta kwa mguu, na upepo ukivuma kinaanguka chenyewe na kumwamsha mtoto wa jirani.

Usimdhanie mvivu. Mvivu hawezi kuchoka kiasi kile, hana pa kuutoa uchovu wenyewe. Fundi alitoka nyumbani jua halijachangamka, akarudi magoti hayakunjiki, macho mekundu kwa mwanga wa kuchomelea, mikono ina vidoa vya moto tangu kwenye kucha hadi kiwikoni. Akifika alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya mlango ili avue viatu. Mara nyingi alivua kimoja tu, akabaki ameinamisha kichwa, kiatu mkononi, mpaka mkewe amguse bega. Chakula alikula akisinzia. Mkewe naye alikuwa hoi, maana alishinda amesimama katika kiwanda cha kufulia, akinyoosha mashuka ya hoteli kwa pasi ya mvuke. Nyumba ile ilikuwa na watu wazima wawili na nguvu za nusu mtu.

Kwa hiyo mambo yote ya nyumbani yalingojea Jumapili. Bomba linalovuja, Jumapili. Mguu wa kitanda, Jumapili. Geti, Jumapili. Na Jumapili ikifika, ama kulikuwa na mteja anayehamia na anataka nondo za madirisha haraka, ama Fundi mwenyewe alilala kama gogo mpaka jua likapinda. Watoto waliijua lugha ya kwao. Ukisikia mmoja anamwambia mwenzake, "Nitakupa Jumapili," ujue hapati.

Watoto walikuwa wawili. Mkubwa msichana, amemaliza shule ya msingi, mkimya, mwenye tabia ya kukitazama kitu mpaka kikajieleza chenyewe. Mdogo mvulana, aliyeitwa Redio kwa sababu alianza kuongea akiwa anatambaa na hajapatikana wa kumzima. Na huyo mkubwa alikuwa anaondoka. Shule aliyopata ilikuwa mbali, karibu na kwa shangazi yake, na huko kwa shangazi ndiko angekaa. Likizo ikiisha, safari.

"Mtoto anaondoka," mkewe alimwambia Fundi jioni moja, akimvulia kile kiatu cha pili.

"Najua."

"Unajua. Tangu azaliwe, ni kitu gani mmewahi kuanza wewe na yeye mkakimaliza? Nitajie kimoja tu, niende nikalale."

Fundi alifikiri. Hakuwa anatafuta la kujitetea, alikuwa anatafuta kweli. Kulikuwa na banda la kuku lisilo na paa. Kulikuwa na kiti kidogo chenye miguu mitatu, na hakikukusudiwa kuwa cha miguu mitatu. Mkewe alingoja kidogo, akainuka na kuingia ndani. Fundi akabaki juu ya ndoo, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu usingizi haukumjia.

Injini waliileta watoto. Jirani yao, mama mmoja aliyekuwa akiotesha miche ya maua na kuiuza kando ya barabara, alikuwa na pampu ya kunyonyea maji iliyopasuka. Upande wa maji ulikuwa umekufa, upande wa injini mzima. Alikuwa anaitoa kwenda jalalani, binti akaiona, akaitazama, akaiomba. Wakaikokota nyumbani kwa toroli ambalo nalo lilikuwa karibu kukata roho.

"Baba, tunatengeneza pikipiki," Redio alisema kabla baba yake hajafika kwenye ndoo. "Ndogo. Ya kwetu. Dada ameshafikiria yote. Magurudumu tunachukua ya toroli, hili na lile la zamani, usukani wa ile baiskeli yangu iliyovunjika, mimi ndiye dereva, wewe utakaa nyuma, mama atapanda siku nyingine akiwa hajachoka, halafu tuweke honi—"

"Pumua," Fundi alisema.

Redio akapumua.

"Tutaangalia Jumapili."

Redio akanywea. Binti hakunywea, na hilo ndilo lililomuuma baba yake. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa, akainama kuirudisha injini kwenye toroli.

"Nimesema Jumapili," Fundi alirudia.

"Jumapili ipi, baba?"

Hakusema kwa jeuri. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anavyouliza njia.

"Hii inayokuja," Fundi alisema. Kisha, bila kupanga, akaongeza, "Na tutaimaliza kabla hujaondoka."

"Sawa, baba," binti alisema, kwa adabu ile anayopewa mgeni aliyeahidi kurudi.

Jumapili hiyo Fundi aliamka. Mkewe alimkuta uani ameshajimwagia maji usoni, amesimama mbele ya injini kama mtu aliyeitwa na mwenye nyumba. Mteja alipiga simu, akaiacha ilie. Na ukweli usemwe, walianza vizuri. Waliitoa pampu, wakabakiza injini na ekseli yake. Mama watoto alileta puli kubwa la mashine ya kufulia lililokuwa limetupwa nyuma ya kiwanda, wakalifunga kwa bolti kwenye gurudumu la nyuma. Mkanda ungetoka kwenye injini hadi kwenye puli, na kungekuwa na wenzo wa kuukaza: ukibana mkono, mkanda unakaza na gurudumu linazunguka, ukiachia, mkanda unalegea na injini inanguruma peke yake. Hilo la wenzo lilikuwa wazo la binti. Aliwahi kuona mashine ya kusaga nafaka ikifanya hivyo.

Baada ya hapo mambo yakaanza kwenda upande. Fundi alikuwa mwalimu mbaya, na ubaya wenyewe ulitokana na uchovu. Mtu aliyechoka hana subira ya kumtazama mtoto akipiga tupa kinyume. Binti akishika msumeno, "Lete hapa." Redio akifunga nati, "Lete hapa." Kila jioni aliporudi kazini alijikaza kisabuni, akawasha mashine yake, na watoto wakasimama pembeni wamegeuza nyuso ili mwanga usiwaumize macho. Alichomelea haraka na vizuri, kazi safi kabisa. Watoto walishika taa, walileta maji, walifagia vyuma. Baada ya siku chache Redio alikuwa anacheza mpira kwa kinyozi, na binti alikuja, akakaa kwenye ngazi, akatazama kidogo, akaingia ndani kumsaidia mama yake.

Fundi aliliona hilo. Aliliona na akajiambia kwamba akimaliza upesi watafurahi.

Sasa lazima ujue jinsi mtu wa mageti anavyofikiri. Geti ni kitu cha kukaa pale pale. Kazi yake ni kukataa. Ukilisukuma lisisogee, ukilipiga teke lisipinde, gari la mlevi likiligonga gari ndilo liumie, hapo mteja anakusifu mpaka kwa ndugu zake. Fundi hakuwahi maishani mwake kutengeneza kitu cha kuondoka. Alichukua bomba nene za mraba, zile zile za mageti, akaunda fremu. Kwenye kila kona akaweka pembetatu ya chuma. Chini akapitisha bapa mbili za chuma, juu ya bapa akapitisha nyingine. Na kila alipomwazia binti yake yuko juu ya kitu kile, anaenda, barabara ina mawe, breki ni ya baiskeli, alitafuta kipande kingine na kukiongeza. Siku mkewe aliposhona kiti kwa shuka kuukuu la hoteli na sponji, akaweka chuma chini ya kiti. Siku Redio alipotamka neno "kuruka", akaongeza viwili. Mbele, juu ya gurudumu, mkono wenyewe kwa mazoea ukachomelea ua.

Siku ya kuijaribu, walilitoa lile bati na kuitoa pikipiki nje. Fundi aliibeba upande mmoja, kinyozi na muuza mkaa upande wa pili, na watoto walisukuma nyuma. Hapo tu mtu angejua, lakini Fundi ni mtu wa kubebewa mageti na vijana wanne, kwake uzito ni jambo la kawaida. Binti akapanda. Fundi akavuta kamba, injini ikakohoa, akavuta tena, ikawaka, mtaa mzima ukasikia. Watu wakatoka. Binti akabana mkono. Mkanda ukakaza, injini ikanguruma kwa sauti ya mnyama anayevuta kitu shimoni, na pikipiki ikabaki pale pale. Binti akaongeza mafuta. Mkanda ukaanza kuteleza, ukatoa moshi, harufu ya raba ikajaa. Redio akasukuma mpaka viatu vikachimba mchanga. Halafu injini ikazima.

Kinyozi, aliyekuja na taulo begani na mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa, akaizunguka pikipiki taratibu, akaligusa lile ua.

"Fundi," alisema, "umetengeneza geti lenye injini."

Watu walicheka, na si kicheko cha ubaya, hata muuza mkaa alikuwa anampigapiga Fundi mgongoni. Lakini Fundi alimwona binti yake akishuka. Alishuka polepole, akakifuta kiti vumbi kwa kiganja, akamrudishia mama yake kanga aliyojifunga kiunoni.

"Tutaangalia Jumapili," Fundi alisema. Alitamani kulimeza neno lile lingali hewani.

"Sawa, baba."

Jioni ile alimwona kupitia mlango ulio wazi akikunja nguo zake na kuzipanga kitandani, za shule upande huu, za nyumbani upande ule. Redio alikuwa amekaa sakafuni karibu naye, akimpa soksi moja moja. Fundi aliifunika pikipiki kwa turubai, kama wanavyofunika mtu barabarani, akaenda kulala bila kula.

Siku zilizofuata alikuwa kazini kwa mwenye maduka, ambaye sasa alitaka geti la pili nyuma ya lile la kwanza. Alifanya kazi kama mtu anayetembea usingizini. Mwili ulikuwa mzito, na moyo nao umeongeza uzito wake. Alihesabu mara kwa mara siku zilizobaki, na kila akihesabu zinapungua, kana kwamba alitegemea vingine. Kisha alasiri moja umeme ukakatika mji mzima. Mashine haiwaki, kazi hakuna. Akarudi nyumbani jua bado kali, jambo ambalo watoto hawakulizoea, ndiyo maana aliwafuma.

Turubai lilikuwa chini. Pikipiki ilikuwa imelala ubavu, na mwili wake wote ulikuwa na alama za chaki, mikato myeupe kwenye bapa, kwenye pembetatu, kwenye kile chuma cha chini ya kiti. Lile ua lilikuwa limezungushiwa duara. Redio alikuwa ameukalia usukani ili pikipiki isitikisike, na binti ameshika msumeno wa chuma.

Walipomwona, msumeno ulishuka.

"Nani kaweka hizi alama?" Fundi aliuliza.

"Mimi," binti alisema.

"Na mimi," Redio alisema. "Lakini zile zilizopinda ndizo zangu."

"Mmejuaje pa kuweka?"

Binti alitazama chini. "Tulijaribu kuinyanyua, mimi na Redio. Haikunyanyuka hata gurudumu moja. Sasa kama sisi wawili hatuwezi kuinyanyua, hiyo injini ndogo itaipeleka wapi?" Akagusa bapa moja kwa ncha ya msumeno. "Hii ni ya nini, baba?"

"Hiyo ni ili hiyo ya juu isipinde."

"Na ya juu?"

"Ili isipinde fremu."

"Na hii ya chini ya kiti?"

Fundi alikaa kwenye ndoo. "Hiyo niliiweka ile siku mama yenu aliposhona kiti, nikawaza utaenda nayo mpaka barabarani. Usije ukavunjika."

Binti alimtazama kwa muda, vile anavyotazama vitu. "Baba," alisema taratibu, "haiwezi hata kutoka uani yenyewe."

Ningependa kukuambia kwamba hapo Fundi alipata hekima. Hakupata. Aliunyoosha mkono na kufungua mdomo aseme "Lete hapa," kwa sababu kazi ile angeimaliza yeye kabla chai haijachemka. Akajaribu kuinuka, na mgongo ukakataa. Akajaribu tena, na magoti yakaungana na mgongo. Akarudi chini juu ya ndoo, na ukweli wote ni huo: alikuwa amechoka mno kumnyang'anya mtoto msumeno.

"Kata basi," alisema.

Binti hakuamini. Redio aliamini upesi, akajipanga vizuri zaidi juu ya usukani.

"Meno ya msumeno yaangalie mbele," Fundi alisema, kichwa ameegemeza ukutani. "Sukuma kwa nguvu, ukirudi usikandamize. Hapo shingoni chini ya usukani usikate, hapo ndipo panapobeba. Futa hiyo chaki."

Binti akaifuta kwa kidole. Akaanza kukata. Chuma kililia, msumeno ukaruka, ukachubua rangi, ukaruka tena. Alikata kwa ubaya unaoumiza macho ya fundi, na mara mbili Fundi alifumba macho ili asione. Wembe wa msumeno ukavunjika, wakatia mwingine. Kipande cha kwanza kilipoanguka chini, Redio alikichukua kwa mikono miwili.

"Kizito hiki," alisema. "Baba, ulikuwa unatufunga nanga."

Walikata mpaka jua lilipotua. Umeme uliporudi kesho yake, palibaki pa kuunganisha: bomba jembamba la ile baiskeli iliyovunjika liingie mahali pa zile bapa. Fundi alirudi kazini akiwa hoi bin taabani, akamvalisha binti ile kofia yake ya kuchomelea, iliyomfika mabegani, akamtia glavu. Yeye akakaa kwenye ndoo, ameshika kioo cheusi cha akiba mbele ya macho.

"Usikimbie. Sogeza kijiti kama unachora mstari. Ukikigandisha kinanata, ukikivuta kinazima."

Kilinata. Kilizima. Mwishowe kilishika. Binti akanyanyua kofia, wakaitazama weldi yake ya kwanza, mshono wa chuma uliojaa mafundo na mashimo.

"Sisi mafundi hiyo tunaiita kinyesi cha kuku," Fundi alisema.

Binti alicheka. Fundi hakukumbuka mara ya mwisho alipomchekesha yeye mwenyewe, si Redio, si mama yake.

"Kinyesi cha kuku kinashika, baba?"

"Kinashika. Hakipendezi, lakini kinashika. Gonga na nyundo uone."

Akagonga. Kilishika. Weldi za mwisho Redio aliziita nusu kinyesi, na hizo ndizo zilizobaki chini ya kiti zikionekana wazi, maana rangi iliisha na hakuna aliyetaka kuzisaga. Ua walilikata na kulipigilia mlangoni kwa mama yao.

Jumamosi, siku moja kabla ya safari, Fundi alirudi mchana. Zilibaki nati chache tu. Akakaa kwenye ndoo awatazame wakikaza, akavua kiatu kimoja. Jua lilikuwa zuri, la kupasha bila kuunguza. Binti alimwomba plaizi, akamtolea mfukoni zile plaizi zake alizokuwa nazo tangu anajifunza kazi, mishikio imezungushiwa utepe mweusi. Alikumbuka kumpa. Kingine hakukumbuka.

Kilichomwamsha ni sauti. Ilikuwa mbali, upande wa kwa muuza mkaa, sauti ya injini ndogo inayokwenda, na ndani yake sauti ya Redio isiyo na breki. Uani hapakuwa na mtu. Bati lilikuwa limewekwa kando kwa uangalifu, limelazwa, lisije likaanguka na kumwamsha. Walikuwa wameisukuma mpaka nje kimyakimya, na Redio, Redio yule, alikuwa amenyamaza.

Fundi alitoka mbio, kiatu kimoja mguuni. Alifika njiani pikipiki ikiwa inarudi. Binti alikuwa juu yake, magoti yamepanda, nywele zimejaa vumbi, na Redio anakimbia nyuma. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na wembe mkononi.

"Fundi," alisema, "geti limetoka."

Binti alisimama miguuni pa baba yake. Injini ikawa inatetemeka chini yake, inanguruma kidogo kidogo.

"Umeona, baba?"

"Nimeona."

"Ulikuwa umelala."

Fundi alipangusa macho. "Nililala," alisema. "Sikuona."

Aliona uso wa binti ukifikiri. Kisha binti akageuza usukani. "Basi simama hapo hapo," alisema. "Narudia."

Akarudi hadi kwa muuza mkaa, akageuka kule, akaja tena upya kama mara ya kwanza, polepole zaidi ili aonekane vizuri. Fundi alisimama katikati ya njia na soksi yake iliyotoboka, akatazama yote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mkewe alikuwa ametoka kazini, amesimama nyuma yake na mkoba begani.

"Kimoja nimekiona," alisema. "Sasa naenda kulala."

Jumapili shemeji yake Fundi, mume wa shangazi, alikuja na pikapu. Godoro likapakiwa, ndoo, begi. Likabaki sanduku la bati la shule, ambalo komeo lake lilikuwa bovu tangu liliponunuliwa. Fundi alilisikia likigoma, akatoka ndani ameshanyoosha mkono.

"Lete hapa," alisema.

"Ngoja, baba, namalizia."

Binti alikuwa amekalia kifuniko, anazungusha waya na plaizi. Alikaza, akakata ncha, kisha akaikunja kwa ndani isije ikamchoma mtu. Hivyo ndivyo Fundi alivyokunja nyaya zake maisha yake yote, na hakumbuki kumfundisha. Alibaki na mkono hewani. Kwa kuwa mkono haukuwa na kazi, akautumia kushika upande wa pili wa sanduku.

"Ukichoka huko, sema," alimwambia pale pikapuni.

"Ndiyo, baba. Na wewe ukichoka, sema."

Mama mtu alimkumbatia binti mara mbili, Redio akampa mkono kama mtu mzima kisha akaharibu kwa kulia. Pikapu ikaondoka.

Ilipokuwa inakaribia kwa kinyozi Fundi alijipapasa mfukoni, na plaizi hazikuwemo. Shemeji yake anaendesha polepole, mluzi mmoja ungetosha. Alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akaitazama pikapu ikipinda kona na plaizi zake ndani. Akarudi uani, akakaa kwenye ndoo. Alikuwa ametamani sana wamalize kitu, yeye na yule mtoto, na walikuwa wamekimaliza, na kilimuuma hasa. Akavua kiatu.

Redio alikuja akiisukuma pikipiki. Alikuja bila kusema kitu, mpaka Fundi akanyanyua kichwa kuhakikisha ni yeye.

"Kamba inanishinda," Redio alisema. "Alikuwa anavuta dada."

"Nimechoka, mwanangu. Tutaangalia Juma—"

Redio alingoja. Kwa mtoto yule kungoja ni kazi kubwa.

"Baba," alisema kwa upole, "leo ndiyo Jumapili."

Fundi alikitazama kiatu mkononi mwake. Akakivaa. Akaweka mikono juu ya magoti, akajisukuma, mgongo ukalalamika, akasimama. Aliishika kamba ya injini, akaikaza mkononi tayari kuivuta, kisha akaiachia.

"Shika wewe kwanza," alisema. "Ikikushinda, niko hapa."